Poplini Njema Hujulikana kwa Vidole

Kanga unaichagua kwa macho: unatazama pindo na mji, unasoma jina, unalipa. Kitenge nacho rangi zake zinajieleza zenyewe. Poplini haina hayo. Imelala kwenye jora, nyeupe au samawati au rangi ya maziwa, haina ua wala maandishi, na majora kumi yaliyopangwa kwenye rafu moja yanaweza kuonekana sawasawa, ilhali moja litatoa kanzu ya kudumu miaka na jingine litatoa kanzu itakayochoka kabla ya Idi ijayo. Mnunuzi asiyejua cha kutafuta hubaki na vipimo viwili tu, bei na weupe, na vyote viwili hudanganya.

Nataka kukupa kipimo cha tatu, ambacho kwangu ndicho cha kwanza. Poplini ni kitambaa ambacho nyuzi za pande zake mbili hazilingani. Nyuzi za mtande, zile zinazofuata urefu wa jora, ni nyingi na zimesongamana. Nyuzi za mshindio, zinazopita kutoka ukingo hadi ukingo, ni chache, na katika ufumaji wa kale zilikuwa pia nene zaidi. Ufumaji wenyewe ni ule rahisi kuliko wote, uzi mmoja juu na mmoja chini. Lakini kwa kuwa mtande ni mwingi, haupati nafasi ya kulala bapa. Hulazimika kupanda juu ya kila uzi wa mshindio na kushuka tena, na mshindio hubaki umenyooka ndani, umefunikwa. Hapo ndipo vinapozaliwa vituta vyembamba vilivyolala kukingama upana wa kitambaa. Macho huviona kwa shida, ila ukipitisha ncha ya kidole kufuata urefu wa jora utavihisi. Karibu yote nitakayokuambia hapa chini, tangu kununua hadi kutengeneza kola iliyolika, yanatokana na vituta hivyo.

Usiichanganye na kodrai. Kodrai ina matuta makubwa yaliyosimama kufuata urefu, na yale ni manyoya yaliyopatikana kwa kukata nyuzi za ziada. Wala usiichanganye na marekani, ambayo idadi ya nyuzi zake hukaribiana pande zote mbili na kwa hiyo uso wake ni tambarare. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukuambia ni poplini hata ukiwa umeshika marekani iliyopaushwa. Kidole chako kitakataa.

Kitambaa hiki hakikuanza kuwa cha pamba. Ulaya kilifumwa kwa mtande wa hariri na mshindio wa sufu: hariri ikaonekana nje, sufu ikabaki ndani ikitoa unene na ujoto. Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia nchi yao baada ya Mfalme Louis XIV kufuta Amri ya Nantes mwaka 1685 walibeba ufundi wa hariri hadi Dublin, na poplini ya Ireland ikapata sifa ambayo tai zake zimeibeba hadi leo. Pamba ilichukua nafasi ya hariri baadaye sana, na sababu yake inamhusu mnunuzi wa Kariakoo moja kwa moja. Katika miaka ya 1840 John Mercer, mtu wa Lancashire, aligundua kwamba uzi wa pamba ukitiwa kostiki hujaa na kupokea rangi vizuri zaidi. Karibu mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi huo ukiwa umevutwa wakati unatiwa kostiki hutoka unang'aa. Mng'ao wa poplini njema, basi, umo ndani ya uzi wenyewe. Hautoki kwa kufuliwa. Mng'ao wa poplini duni mara nyingi ni wanga uliopakwa kiwandani na kubanwa kwa mitambo, nao huondoka na maji ya kwanza, ukakuachia kitambaa chepesi ambacho hukukinunua.

Kwa hiyo ukifika dukani, iwe Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Darajani Unguja, au Biashara Street mjini Mombasa, usianze na bei. Anza kwa kuomba uguse. Shika kipande kwa mikono miwili na ukisugue kwa nguvu kama unayefua. Ukiona unga mweupe unadondoka au vidole vimebaki na vumbi, huo ni wanga uliojazwa kwenye mapengo kati ya nyuzi. Kisha kinyanyue ukitazame kwenye mwanga wa mlangoni. Poplini iliyofumwa vizuri hupitisha mwanga kwa usawa, bila mapengo wala mafundo mengi ya uzi mnene. Baada ya hapo kifinyange kiganjani, hesabu hadi kumi, ukiachie. Pamba tupu itabaki na mikunjo na hilo si dosari; kitambaa kinachofunguka kikanyooka papo hapo mara nyingi kina poliesta ndani yake, hata muuzaji akikuapia, "Pamba tupu hiyo, mama."

Kama ubishi unaendelea, omba nyuzi chache za ukingoni na uziunguze nje ya duka, mbali na bidhaa za watu. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi ambayo hutaivunja kwa vidole, na usiiguse ikiwa ingali ya moto. Mchanganyiko hukupa yote mawili: harufu ya karatasi na punje. Muuzaji anayejiamini hakatai jaribio hili.

Mwanzoni mwa jora au kwenye lebo yake mara nyingi kuna tarakimu ambazo wanunuzi wengi huzipita. Ukikuta 40x40 na 133x72, umeandikiwa habari yote. Tarakimu mbili za kwanza ni unene wa uzi, wa mtande na wa mshindio, na hapa namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Mbili za pili ni idadi ya nyuzi katika kila inchi moja: 133 za mtande, 72 za mshindio. Tazama jinsi zinavyotofautiana, karibu mara mbili. Hivyo ndivyo vituta vya poplini, vimeandikwa kwa hesabu. Ukikuta 110x76, kitambaa ni chepesi zaidi na vituta vyake ni hafifu. Kinafaa bitana na mifuko ya suruali kuliko kanzu. Kuhusu malighafi, C peke yake, au C asilimia 100, ni pamba tupu. T/C 65/35 ni poliesta 65 na pamba 35, na wengi wetu tunaiita tetroni. CVC ni mchanganyiko ambao pamba ndiyo iliyozidi.

Kuhusu tetroni nina la kusema, maana mara nyingi hukashifiwa bila haki. Mtoto wa shule ya msingi mwenye mashati mawili kwa wiki nzima, anayecheza mpira saa nne na kukaa chini mchangani, anahitaji nguo inayokauka usiku mmoja na isiyodai pasi. Tetroni ya 65/35 humtendea haki mama yake. Lakini usimvalishe tetroni mzee anayetembea kwenda msikitini saa saba mchana wa Februari. Poliesta hainywi jasho. Na usilipe bei ya pamba kwa tetroni, kwani hapo ndipo dhambi yote ilipo.

Upana nao una mitego. Poplini mara nyingi huja kwa inchi 36, inchi 44 au 45, na inchi 58 hadi 60. Mita moja ya inchi 36 na mita moja ya inchi 58 si kitambaa kile kile, na bei iliyo ndogo inaweza kuwa ghali. Chukua bei ya mita, igawanye kwa upana, ndipo ulinganishe duka na duka. Uliza pia kama wanapima kwa mita au kwa wari. Wari moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo ukidhani umenunua mita 5 kumbe ni wari 5, umerudi nyumbani na mita 4.57, na huo upungufu ni mkono mzima wa kanzu. Njia salama ni kumpigia fundi simu ukiwa dukani, umtajie upana, akuambie kiasi, halafu uongeze robo mita. Hiyo robo usiione ni hasara. Mwisho wa makala haya utaona kazi yake.

Inaniuma kusema kwamba sehemu kubwa ya poplini tunayoigusa madukani imefumwa mbali, huku pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza ikisafirishwa nje bado ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kile cha Mwatex kule Mwanza, vililea kizazi kilichojua kitambaa kwa kukifuma. Ujuzi huo wa vidole unaweza kubaki kwetu hata kama mitambo imenyamaza, na mahali pa kuanzia ni kwa mnunuzi anayekataa kuuziwa wanga.

Kitambaa kikifika nyumbani, kabla ya fundi, kiloweke. Pamba ambayo haikuandaliwa kiwandani ili isirudi, itarudi, na itarudi zaidi kwa urefu, kwa sababu mtande ndio uliovutwa kwa nguvu kwenye mtambo. Fanya hesabu: kanzu ya sentimita 145 ikirudi kwa asilimia 5 inapoteza sentimita 7 na ushee, na iliyokuwa inagusa fundo la mguu sasa inaning'inia juu yake. Iloweshe usiku kucha katika maji ya kawaida, isuuze, ianike bila kuikamua kwa kuisokota, kisha ipigwe pasi ikiwa na unyevu. Kwa kitambaa cha rangi, loweka peke yake, na ukiona maji yamebadilika sana, rudia hadi yatulie. Rangi inayochuja sasa ni bora kuliko rangi itakayochuja kwenye kola nyeupe.

Fundi mzuri hahitaji kufundishwa kazi, ila haidhuru ukimwambia mambo matatu. Kwanza, vipande vyote vikuu vikatwe kwa mwelekeo mmoja, vituta vikilala kukingama mwili. Kipande kimoja kikigeuzwa ili kuokoa kitambaa, mwanga utakipiga tofauti na nguo itaonekana imeungwa kwa majora mawili. Pili, atumie sindano nyembamba, namba 11 badala ya ile ya 14 iliyokuwa inashona jinzi asubuhi, na iwe mpya. Tatu, alegeze uzi wa cherehani. Mtande wa poplini umesongamana kiasi kwamba uzi wa kushonea ukiingia unakosa pa kukaa. Unazisukuma nyuzi pembeni, na mshono wa urefu hukunjamana. Watu hulaumu pasi kwa mikunjo hiyo, kumbe ilishonwa humo. Mshono unaokwenda kwa mshazari kidogo, kama ule wa taharizi, hukunjamana kwa nadra zaidi kuliko ulionyooka moja kwa moja na mtande.

Nguo ambayo naona inaonyesha uzuri wa poplini kuliko zote ni kanzu. Badani mbili ndefu, mbele na nyuma, taharizi zinazoipanua kutoka kwapani kwenda chini, sijafu mikononi, kaba shingoni: hakuna pambo la kuficha kitambaa kibovu. Poplini inaanguka kwa uzito wake, haishiki mwili, na usongamano wa mtande unaifanya isionyeshe kilicho ndani hata ikiwa nyeupe kabisa. Hapo inashinda melimeli, iliyo baridi zaidi lakini inaonyesha mno, na inashinda satini, inayong'aa zaidi lakini inateleza na kushika jasho. Ukweli ni kwamba poplini si kitambaa chenye upepo kuliko vyote. Usongamano uleule unaoisitiri nguo unazuia hewa. Kwa hiyo kwa kanzu ya pwani chagua uzi mwembamba, 40 au zaidi, wa pamba tupu, na umwambie fundi asibane kwapani. Kama unataka darizi shingoni, poplini huishika vizuri kwa sababu haitanuki, mradi kaba itiwe bitana ya poplini hiyohiyo. Bitana ya aina nyingine hurudi kwa kiasi chake na kuvuta darizi ikae upande.

Mashati ya ofisini, sare za wauguzi, magauni ya watoto, shumizi, aproni za wapishi, foronya: zote poplini inazimudu. Kwa mashuka nunua ile pana isiyo na mshono katikati. Kwa mapazia siipendekezi. Jua la dirishani huila pamba nyembamba, na fedha hiyo ingekutosha kununua kitambaa kizito. Na jikoni, wengine hukata poplini kuukuu kwa kuchujia tui. Haifai. Nyuzi zimebanana mno, utakamua hadi mkono uchoke na nusu ya tui ibaki kwenye chicha. Ila kwa kufunikia unga uliokandwa au vyakula vilivyoandaliwa haina mpinzani, maana vumbi halipiti.

Sasa kufua. Poplini nyeupe huharibiwa zaidi na mapenzi kuliko na uchafu. Dawa ya klorini ikitiwa kila wiki hula uzi wa pamba kidogo kidogo, na kwa kuwa mtande ndio ulio juu ya vituta, ndio unaosuguliwa na kukatika kwanza. Mara nyingi sabuni, maji ya uvuguvugu na kuloweka saa moja vinatosha. Kola na sijafu zisuguliwe kwa mkono na kipande cha sabuni, brashi ngumu iachwe kwa viatu. Nguo ikiwa imefubaa, buluu kidogo katika maji ya mwisho huipa weupe bila kuila. Wenye maji ya kisima yenye chumvi wanajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu na nguo kugeuka kijivu: suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua au ya bomba ukiyapata, au utie siki vijiko viwili kwenye ndoo. Siki na klorini visikutane kamwe katika ndoo moja, kwa kuwa hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Wanga, au kanji kama wanavyosema madobi wa pwani, ndio unaoipa poplini heshima yake ya Ijumaa. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimina juu yake lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, na endelea mpaka ugeuke kutoka weupe wa maziwa kuwa wa kupenya mwanga. Chuja. Acha upoe, chovya nguo ikiwa imeshasuuzwa, kamua kwa kubana, anika kivulini. Kofia ya mkono hutaka wanga mzito mara mbili ya huo, na ikauke ikiwa imevalishwa juu ya kitu cha mviringo chenye ukubwa wa kichwa, vinginevyo itakauka na umbo la kamba. Lakini usihifadhi nguo yenye wanga kwa miezi. Mende na wadudu wengine huufuata wanga kama chakula na hutoboa kitambaa wakiutafuta. Nguo ya kuweka sandukuni ifuliwe, ikauke, ikunjwe bila wanga.

Pasi ipite nguo ikiwa na unyevu, kufuata urefu. Ukiivuta kwa upana unapinda mshindio, na vituta vilivyokuwa vimelala sawa vinaonekana vimeyumba. Pamba inahimili nukta tatu za pasi, yaani joto la hadi nyuzi 200. Tetroni ikomee nukta mbili, nyuzi 150, la sivyo itang'aa vibaya mahali pamoja na haitapona. Nguo za rangi nyeusi zipigwe pasi kwa ndani, kwa kuwa vilele vya vituta ndivyo vinavyobanwa na chuma na kuanza kung'aa.

Itafika siku kola italika. Itakuwa palepale kwenye mkunjo, panapogusana na shingo, kwa sababu pale mtande umepinda juu ya vituta na pia umepinda juu ya kola, na kila siku unasuguliwa. Ukitazama kwa karibu utaona mtande umekatika na mshindio bado mzima, mistari myeupe iliyobaki wazi. Shati lenyewe, mgongo na mikono, bado lina miaka. Usilitupe. Mpelekee fundi afumue kola pale inapoungana na shingo, aigeuze upande wa ndani uje nje, aishone tena. Ni kazi ya muda mfupi kwa aliyewahi kuifanya, na kama upande wa pili nao umechoka, itoe ile robo mita uliyoongeza dukani, ambayo ulipaswa kuifua pamoja na shati tangu mwanzo ili weupe wake ulingane na wa shati, na umwambie akate kola mpya, vituta vikikaa sawa na vya ile ya zamani.